Nusu ya Ukaguzi

Siku mliponiaga kituoni nikistaafu, kwa keki na blanketi, mliniomba niwaandikie niliyoyaona katika ghala la silaha. Nadhani mlitaka vichekesho. Vipo, na nitavitoa mapema ili viishe. Lakini nisiwadanganye. Naandika kwa sababu ya kijana mmoja wa Githongo, Mwenda, aliyefungwa miaka mitatu, na kwa sababu ya maneno machache niliyokuwa nayo kinywani siku ya kesi yake nikayameza. Mkifika mwisho mtajua ni maneno gani, na mtaniona vile mtakavyoniona.

Kwetu ni Manyatta, juu kidogo ya mji wa Embu. Niliingia kazini wakati wanawake polisi tulikuwa wachache hata sare zetu zilishonwa kwa kukisia. Kituo changu cha kwanza kilikuwa huko huko Embu. Mkuu wa kituo aliona tumbo langu la mimba ya kwanza limeanza kusukuma mkanda, akaona doria hainifai tena. Akaniambia, "Nenda ukae na Njiru kule nyuma. Kule hakuna kukimbia." Nikaenda kule nyuma, na kituo kimoja baada ya kingine, nikabaki kule nyuma mpaka nilipostaafu. Mtoto yule aliyekuwa tumboni sasa ana watoto wawili.

Koplo Njiru alikuwa mtu wa Gachoka, mfupi, mkimya, mwenye vidole vilivyonuka mafuta ya bunduki hata siku ya Jumapili. Ghala lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa chuma, balbu moja, rafu za mbao na kitabu kikubwa chenye mistari. Nje ya mlango lilikaa pipa lililokatwa nusu na kujazwa mchanga. Hakuna bunduki iliyopita mlango ule kabla mdomo wake haujaelekezwa kwenye mchanga.

Siku yangu ya kwanza alinipa bastola, akaniambia niikague. Nilitoka chuoni nikijiona najua. Nikachomoa magazini, lile kasha la risasi linaloingia ndani ya mpini, nikaliweka mezani kwa madaha, nikasema, "Iko tupu, Afande." Njiru aliichukua, akatoka nayo nje, akaielekeza mchangani, akavuta kifyatulio. Ule mshindo nusura unizalishe. Alirudi ndani, akaketi, akanisogezea kitabu. "Andika," akasema. "Risasi moja imetumika mafunzoni."

Baadaye akanieleza taratibu. Magazini ikitoka, bado risasi moja inaweza kuwa imelala ndani ya chemba, pale inapongoja kupigwa. Kwa hiyo unatoa magazini, unavuta kile chuma cha juu mpaka nyuma mara mbili, unatazama ndani, kisha unaingiza kidole kidogo, kwa sababu macho yanachoka. "Ukitoa magazini tu," alisema, "umefanya nusu." Alinirudisha kwenye lile pipa la mchanga kila asubuhi kwa miezi mitatu, mimba na yote, mpaka nikawa nafanya bila kufikiri. Alifariki kabla sijapata nafasi ya kumshukuru vizuri. Ilikuwa vyema pia, maana hakuyaona yaliyofuata.

Bunduki za polisi hazikunipa taabu. Zinatoka, zinarudi, zinahesabiwa. Taabu ilikuwa bastola za raia: wafanyabiashara, wenye magari, wakubwa waliostaafu, watu waliokwisha kuvamiwa au waliokuwa na hakika kwamba watavamiwa. Maombi yao yalipita kwenye kamati, kisha yakaenda Nairobi, lakini kabla ya hapo mtu wa kituo alitakiwa afike nyumbani. Aone sefu imefungwa ukutani kwa nati. Azungumze na majirani. Azungumze na mke. Na leseni ikishatoka, kila mwaka tulifika tena kwa ukaguzi: namba ya bastola ilingane na ya cheti, risasi zihesabiwe, sefu ijaribiwe.

Wenzangu wanaume walimaliza kazi hii sebuleni. Mke aliitwa kutoka jikoni akiwa bado anapangusa mikono, akaulizwa mbele ya mumewe, "Mama, una shida na hii bunduki?" Mama angesema nini? Alisema hakuna shida, akaleta chai, na fomu ikaandikwa kwamba mke ameridhika. Mimi nilikwenda jikoni. Nilimenya viazi, nilichambua maharagwe, nikasikia mambo ambayo hayakuwa na nafasi yake kwenye fomu. Kuna leseni tatu zilizokataliwa kwa sababu ya jiko, na wale waume mpaka leo hawajui ni nani aliyewachoma. Nilijivunia jambo hili sana, kuliko ilivyonipasa.

Vichekesho ndivyo hivi. Gachoka kulikuwa na mzee, chifu mstaafu, aliyelala na bastola chini ya mto kwa miaka mingi. Nilipoikagua, nilikuta nyigu wamejenga nyumba ya udongo ndani ya mtutu, wakazaa humo na kuhama. Nilipomwonyesha, mzee aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kuendelea kulala nayo hivyo hivyo, kwa sababu alikuwa amezoea. Na kule Maua kulikuwa na Haji, mwenye malori, aliyepita kituoni kila Ijumaa mchana kuniachia bastola yake. "Siwezi kusimama mbele ya Mola nimefunga chuma kiunoni," alisema. Nilimwandikia stakabadhi, akaenda kuswali, akarudi kuichukua na kuniletea halua. Hakukosa hata Ijumaa moja. Hao wawili nawakumbuka nikicheka peke yangu jikoni.

Sasa Kirimi.

Kirimi alikuwa muuza mbao wa Githongo, huko Meru nilikohamishiwa baada ya Embu, mtu mpana, mpole, mzee wa kanisa. Majambazi walikuwa wameingia kwake jioni moja akiwa hayupo. Walimfunga mkewe kamba kwenye mguu wa kitanda, na mmoja akavuta chuma cha bunduki yake mbele ya uso wa mama huyo mara mbili, tatu, kwa kumtisha tu. Hawakumpiga. Lakini ule mlio wa chuma kuvutwa ulibaki ndani ya kichwa cha yule mama. Watoto wao, Mwenda na dada yake mdogo Kendi, walikuwa chini ya kitanda hicho hicho.

Kirimi akaomba bastola, na mimi ndiye niliyetumwa nyumbani. Nilikwenda jikoni kama kawaida yangu. Mama Mwenda alikuwa anakoroga ucuru, uji wa wimbi, na hakuacha kukoroga wakati wote wa mazungumzo.

"Mwari," akaniambia, kama mtu anavyomwita binti wa kwao, "mimi hiyo kitu siipendi. Lakini nikisema hapana, na wale watu warudi, nitaambia watoto nini?"

"Ukisema hapana, haitakuja. Naandika mimi."

Akafikiri. "Wacha ikuje. Lakini ule mlio, kra-kra, usilie ndani ya nyumba yangu. Siku nitausikia tena, nitatoka nikimbie na sitarudi."

Nikamwahidi kwamba hautalia. Na hapo ndipo nilipokosea, ingawa nilijiona mtu mwenye utu.

Kila mwaka nilipokwenda kukagua, tulikaa sebuleni sote, kwa sababu Kirimi hakutaka kuficha watu wake jambo. Alileta bastola kutoka kwenye sefu. Nilichomoa magazini, nikaiweka juu ya kitambaa cha meza, na kwa kuwa mama alikuwa anakodoa macho, nikasema kwa sauti ya kumtuliza, "Sasa haina kitu." Kisha mimi na Kirimi tulitoka nje, tukapita zizi la ng'ombe, tukafika nyuma kwenye mibuni, na huko ndiko nilikovuta chuma, nikatazama chemba, nikaingiza kidole. Mama asisikie. Tuliporudi tulikuta chai imemiminwa. Nilifanya hivyo kwa miaka kumi na miwili. Watoto wale walikua wakiitazama ile nusu ya sebuleni. Ya mibunini hawakuiona hata siku moja.

Kwa miaka hiyo nyumba ile ikawa kama ya ndugu. Nilipohamishiwa kituo kingine hapo hapo Meru, Kirimi aliomba ukaguzi wake ubaki mikononi mwangu, wakakubali. Mwenda alimaliza shule akaingia kwenye biashara ya baba yake. Kendi alikwenda chuo cha ualimu. Alikuwa msichana wa kucheka, mwenye mazoea ya kunivua kofia na kujaribu kuivaa mbele ya kioo.

Kisha Kirimi akapigwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ukafa, mguu ukawa wa kuburuta. Mwezi wa ukaguzi ulipofika nilikwenda, lakini nilikwenda kama mtu anayemtembelea mgonjwa, na ndizi mbivu na maziwa. Alikuwa ameketi juani na blanketi magotini. Tulizungumza habari za mvua na za kanisa. Nilipoinuka kwenda, akanishika kwa ule mkono mzima.

"Afande, mwaka huu hutaiangalia?"

"Upone kwanza," nikasema. "Haina haraka."

Huku kwetu, kumwomba mgonjwa silaha yake ni kumwambia umekwisha kumzika. Sikutaka kumtia aibu mbele ya mkewe. Sasa najua kwamba alikuwa ananipa nafasi. Bastola ile inahitaji mikono miwili kuivuta, naye alikuwa amebaki na mmoja, na woga wake ulikuwa umeongezeka kadiri nguvu zilivyopungua. Kwa hiyo wakati fulani, sijui kwa msaada wa goti au wa meza, aliingiza risasi kwenye chemba akaiacha humo, iwe tayari. Miaka yote niliikuta chemba tupu. Mwaka mmoja tu sikutazama.

Alifariki baada ya wiki kama sita. Nilikwenda matangani siku ya pili, bila sare, nimejifunga leso kama wanawake wengine, na nilikata kabichi pamoja nao. Lakini sikusahau kilichokuwa ndani ya sefu. Sheria haina utata: mwenye leseni akifa, leseni imekufa naye, na ni sisi polisi tunaokwenda kuichukua silaha, siku hiyo hiyo. Nikamwita kando Mzee M'Ikiara, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuwa ameshika funguo zote za nyumba. Mwenda alisimama naye.

"Mzee, kuna ile bastola," nikasema.

Mzee akatazama chini. "Mwari, kitu ya marehemu haiguswi kabla hajalala. Wewe ni mtu wetu, unajua. Ukitoka hapa na hiyo kitu leo, watu watasema Kirimi alikuwa mwizi, polisi wamekuja kunyang'anya. Tuzike kwanza."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na mamlaka, na nje palikuwa na gari. Lakini wanawake walikuwa wameanza wimbo, mama Mwenda alikuwa ameketi chini katikati yao, nami nikaona haya. Nikamgeukia Mwenda, nikasema: "Sawa. Ngojeni mpaka mzike, kisha mniletee kituoni."

Shikeni maneno hayo. Niliwaambia wangoje, na niliwaambia wailete wao wenyewe. Hakuna askari mwingine aliyekuwepo.

Mazishi yalipangwa Ijumaa. Jumatano mchana watu wa kibali cha maziko wakataka kitambulisho cha marehemu, na kitambulisho kilikuwa ndani ya sefu pamoja na hati ya shamba, kwa sababu Kirimi aliweka kila chenye thamani mahali pamoja, nami kila mwaka nilimsifu kwa hilo. Mzee M'Ikiara akafungua. Kitambulisho kilikuwa chini kabisa, na bastola juu yake. Mzee hakutaka kuigusa. Akamwambia Mwenda aitoe, akachukua karatasi zake, akaondoka kwenda mjini.

Mwenda alibaki chumbani na bastola kitandani. Nyumba ilikuwa imejaa watu, watoto wa wageni wakiingia kila mlango. Akawaza kama mtu mwenye akili. Mbona aisubiri Ijumaa? Angeniletea sasa hivi, iwe imetoka. Akamwita Kendi aje na kiondo cha kuifichia, watu wasiione wakaleta maneno. Kisha akafanya alivyoniona nikifanya tangu akiwa mtoto. Akachomoa magazini, akaiweka kitandani juu ya kitambaa. Akamwambia dada yake, "Sasa haina kitu." Kendi akafungua kiondo kwa mikono miwili, naye akaishusha humo, kidole kikiwa bado kwenye kifyatulio.

Nilifika na gari la kituo. Wanawake walikuwa wamemfunika Kendi kwa leso zao, moja juu ya nyingine. Mwenda alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea sefu, na aliponiona alininyooshea mkono. Kiganjani palikuwa na ile magazini, na risasi zake zote.

"Afande, niliitoa," akasema. "Niliitoa kwanza. Ona."

Nikaichukua mkononi mwake. Nikaokota bastola, nikatoka nayo nje, nikapita zizi la ng'ombe, nikafika kwenye mibuni, nikafanya ile nusu nyingine. Niliifanya kikamilifu, mpaka kidole. Niliporudi nilimfunga Mwenda pingu mimi mwenyewe, kwa sababu sikutaka afungwe na mtu asiyemjua.

Walizikwa pamoja Jumamosi, baba na binti, makaburi mawili yamekaribiana. Mwenda hakuwepo. Alikuwa ndani ya mahabusu yetu, chumba cha tatu kutoka ghala langu, na sauti yake ilipenya ukutani siku ile nzima. Nilikuwa zamu. Nilisafisha bunduki ambazo hazikuwa chafu.

Kesi ilichukua muda. Shtaka lilikuwa kuua bila kukusudia, na juu yake kupatikana na silaha bila leseni. Niliitwa kama shahidi wa upande wa mashtaka. Usiku sikulala, lakini sikuwa nikiogopa kusema uongo. Nilikuwa nimeshaamua kwamba sitasema uongo. Tazameni sasa jinsi mtu anavyoweza kunyamaza huku anazungumza.

Kiongozi wa mashtaka aliniuliza, "Uliwahi kumfundisha mshtakiwa kutumia bastola?"

Nikasema, "La." Kweli, sikumfundisha kuitumia.

Akauliza, "Mwenye leseni akifariki, familia inatakiwa kufanya nini?"

Nikasema, "Wanatakiwa kuarifu polisi, na polisi wanakwenda kuichukua mara moja." Hiyo ndiyo sheria. Hakuniuliza niliwaambia nini mimi, siku ile, nimejifunga leso, mikono ikinuka kabichi. Wakili wa Mwenda alikuwa kijana aliyepewa faili asubuhi hiyo. Akasema hana swali.

Nilikuwa na watoto watatu shuleni na mume aliyekuwa hana kazi. Ningesema, ningefukuzwa, na pengine ningesimama pale pale aliposimama Mwenda. Hii si sababu, naieleza tu kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nikiihesabu kichwani nikiwa kizimbani. Mwenda alinitazama moja kwa moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Mama yake aliketi benchi la nyuma, na yeye hakunitazama hata mara moja. Nilidhani ananichukia, na nikaona afadhali.

Alipewa miaka mitatu. Hakimu alisema ni kijana aliyechezea kitu asichokijua. Mwenda hakuwa amechezea chochote maishani mwake.

Mlionikuta kazini miaka ya mwisho mlinijua kwa sura nyingine. Mlijua mwanamke aliyefika matangani kabla ya mahema, akadai silaha ya marehemu hata jeneza halijanunuliwa. Mlisikia wazee wa Maua na wa Manyatta wakiniita mtu asiye na haya. Ni kweli, haya niliiacha. Mlijua pia kwamba kila nyumba niliyoikagua, niliwakusanya wote, mke, watoto, hata kijakazi, nikavuta kile chuma mbele yao, kikalia, nikawaonyesha chemba na kidole. Kuna mama mmoja alizimia. Nilingoja azinduke, nikarudia. Mlicheka mliporudi kituoni, nami niliwaacha mcheke.

Lakini kurekebisha kazi ni rahisi. Githongo sikurudi. Nilipolazimika kupita njia ile, niliinamisha kichwa nikajifanya nasoma. Niliambiwa Mwenda ametoka, nikaambiwa ameoa, nikaambiwa amefungua tena duka la mbao. Kila nilipoambiwa, nilisema nitakwenda mwezi ujao.

Nilikwenda baada ya ile keki yenu. Nilivaa nguo za nyumbani. Mwenda alikuwa anapima mbao za mteja, penseli sikioni, na mvi zimeshaingia. Alimaliza na mteja bila haraka. Kisha akanivutia stuli.

"Muga, Afande," akanisalimia.

"Muga. Mimi si afande tena."

"Karibu."

Nikamwambia nimekuja kusema jambo. Akasema, "Najua," akaketi juu ya rundo la mbao, akangoja. Nikalisema lote: sebuleni, mibunini, siku ya matanga, kortini. Sauti ilinikatikia mara mbili, na mara zote hakunisaidia. Nilipomaliza, alijipangusa vumbi la mbao mkononi.

"Yule lawyer aliniuliza asubuhi, kabla tuingie," akasema. "Aliniuliza kama kuna mtu alituambia tungoje. Nikataka kusema ni wewe. Mama alikuwa hapo nyuma yangu, akanishika shati. Akasema, 'Usimtaje Afande. Ako na watoto. Huyo ni mtu wetu, atasema mwenyewe.'"

Sikuweza kumtazama.

"Ukaingia, ukaongea, ukatoka," akaendelea. "Tulipotoka nikamwangalia Mama. Akasema, 'Pengine leo ameogopa. Atasema kesho.' Hata nikiwa jela, akikuja kuniona, ilikuwa hiyo tu. Bado hajasema, lakini atasema. Mimi nilikuwa nimeshaacha kukungoja, Afande. Yeye hakuacha."

"Yuko wapi?" nikauliza. "Nipeleke nimwambie."

"Tulimzika mwaka jana."

Nililia pale mbele ya wateja, na wala sikujifunika uso. Mwenda hakuniambia ninyamaze, na hakuniambia amenisamehe. Nilipoweza kuzungumza nilimwuliza anataka nimfanyie nini.

"Mimi? Hakuna," akasema. "Lakini Mama alisema utasema. Usimfanye mwongo."

Basi nimekwenda kortini na karatasi hii. Karani aliniuliza ni kesi gani, akatafuta kwa muda, akaniambia faili lile lilifungwa zamani na hakuna pa kuiweka karatasi yangu. Nilimwomba aipokee hivyo hivyo, akakataa kwa adabu. Kwa hiyo nawaachia nyinyi, muifunge pamoja na vitabu vya ghala, mahali mtu akitafuta ataiona.

Mimi, niliyekuwa mtunza silaha na mkaguzi wa bastola ya marehemu Kirimi wa Githongo, nasema haya kwa hiari yangu, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu. Mwenda na baba yake mkubwa hawakuificha silaha ile. Mimi ndiye niliyewaambia wangoje mpaka baada ya mazishi, na mimi ndiye niliyewaambia wailete wenyewe. Kwa miaka kumi na miwili nilimwonyesha Mwenda magazini peke yake nikamwambia bastola haina kitu, naye aliniamini. Nilipoulizwa mahakamani nilijibu sheria, sikujibu ukweli. Kendi alikufa kwa kosa langu, na kaka yake alilitumikia. Mama yao alijua, na alikufa akiningoja.